Bushi za Nyuma Zilizochakaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu magari yanayoonekana kila siku kati ya Nakuru, Kericho, Kisumu na Busia: Fielder, Premio, Vitz, Demio, Note, Probox, Forester, X-Trail, Hiace na pikapu. Gari lako likiwa nje ya orodha hiyo, kanuni ni zilezile, ila hesabu ya bushi na ukubwa wa spana vitabadilika.

Bushi ni nini hasa?

Ni mpira uliobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma, la nje na la ndani. Bomba la nje hushindiliwa kwenye tundu la ekseli au la mkono (fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu na bodi), na boliti hupita katikati ya lile la ndani. Watu wengi hudhani bushi huzunguka kama beringi. Haizunguki. Mpira umegandishwa kwenye chuma pande zote mbili, na gurudumu likipanda tuta, mpira ndio unaojipinda kisha ukajirudisha. Liweke hilo akilini, kwa sababu makosa mengi yanayoelezwa hapa chini yanatokana na kulisahau.

Nitajuaje ni bushi zilizoisha na si shoki (vizuia mneso)?

Shoki iliyokufa huacha gari lirukeruke: unapita tuta moja, mkia unaendelea kunesa mara mbili tatu. Bushi iliyokufa hugonga. Utasikia "du" nzito ukitia giya ya kurudi nyuma kisha ya kwenda mbele, au ukikanyaga breki kwa kasi ndogo. Barabarani utahisi mkia unataka kujiendesha wenyewe, hasa ukipishana na lori kwenye mteremko wa kutoka Mau Summit kuelekea Kericho: usukani umeushika sawa, lakini nyuma kunasogea kidogo kisha kunarudi. Tairi za nyuma nazo hulika upande mmoja, au ukipitisha kiganja unahisi meno kama ya msumeno.

Kabla ya kulaumu bushi, tikisa bomba la moshi, na kagua stabilaiza linki (fimbo fupi za baa inayozuia gari kulala kwenye kona) kama gari lako linazo nyuma, pamoja na raba za juu za shoki. Hivi vitatu hugonga kwa sauti inayodanganya, na ni rahisi zaidi kubadilisha.

Naweza kukagua mwenyewe?

Ndiyo, ukiwa na tochi, mtaimbo na mtu wa kukusaidia. Egesha juu ya shimo la gereji. Tazama mpira kwanza: nyufa nyembamba za juujuu ni uzee tu, lakini ufa unaoingia ndani hadi ncha ya bisibisi ikazama, au bomba la ndani lililohama kutoka katikati, hapo hakuna mjadala. Ona pia kama kuna alama ya chuma kung'aa kwenye bano (kipande cha chuma cha bodi kinachoshika bushi), dalili kwamba chuma kimekuwa kikisugua chuma.

Kisha mwenzako avute breki ya mkono, awashe gari, na atie giya ya mbele na ya nyuma kwa zamu bila kuongeza mafuta. Wewe simama pembeni ya gari, si mbele wala nyuma yake, wala usiwe ndani ya shimo, na uangalie sehemu ya mbele ya ekseli. Bushi nzima husogea milimita chache kwa ulaini. Iliyoraruka huruka na kugota. Gari likizimwa, ingia shimoni, weka mtaimbo kati ya mkono na bano, usukume polepole. Usitumie nguvu za kung'oa mti, kwani hata bushi mpya itasogea ukiilazimisha.

Gari langu lina bushi ngapi nyuma?

Inategemea aina ya ekseli. Vitz, Fielder, Premio, Demio na Note zisizo za magurudumu manne zina ekseli ya boriti: kipande kimoja cha chuma kinachounganisha magurudumu mawili, kikiwa kimeshikwa na bodi kwa bushi kubwa 2 tu, moja kila upande. Probox ina ekseli iliyoshikwa na fimbo 4 za kwenda mbele na fimbo 1 inayokingama kutoka bodi hadi ekseli, kila moja ikiwa na bushi kila ncha, kwa hiyo ni bushi 10. Forester na X-Trail zina mikono mingi upande kwa upande. Hesabu chini ya gari kabla ya kwenda dukani, usikisie. Hiace na pikapu nyingi zina springi za mabapa, na bushi zake ziko kwenye macho ya springi (matundu ya ncha zake) na kwenye sheko, kiungo kinachoning'iniza ncha ya nyuma ya springi.

Gari nimelitoa Japani likiwa na miaka 7 tu. Mbona bushi zimeisha?

Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, kwa hiyo mpira unaoupokea Mombasa tayari ni mzee hata kama kilomita ni chache. Mpira hukauka kwa umri. Halafu gari lililozoea lami laini linakutana na matuta yasiyo na rangi, murram, na mzigo ambao aliyelibuni hakuuota. Yale yaliyotoka mikoa ya theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na tatizo la pili: boliti zilizoungana na bomba la ndani kwa kutu. Angalia rangi ya boliti hizo kabla hujapatana bei ya ufundi.

Kuna sababu nyingine tunayoizalisha wenyewe. Kupuliza dizeli au mafuta ya taa chini ya gari wakati wa kuosha, au kupaka oili chafu "ili kuzuia kutu", huufanya mpira uvimbe, ulainike na uachane na chuma. Maji, hata ya matope ya Ahero wakati wa mafuriko, hayana neno. Mafuta ndiyo adui. Ukiosha gari, sema wazi: chini ni maji na sabuni basi.

Ninunue bushi gani?

Nenda na namba ya chesi, si jina la gari pekee. Fielder za vizazi viwili tofauti hazitumii bushi moja, na muuzaji anayesema "hii inaingia zote" anataka kuondoa mali. Kama una bushi kuukuu mkononi, pima kipenyo cha nje, urefu wa bomba la ndani, na tundu la boliti. Tofauti ya nusu milimita kwenye kipenyo cha nje inatosha kufanya bushi iingie kwa kidole, na bushi inayoingia kwa kidole itatoka yenyewe barabarani.

Ikague dukani. Mpira uwe umeshikana na chuma bila mwanya, bomba la ndani liwe katikati, na mashimo ya mpira, kama yapo, yawe na kingo safi. Nunua za pande zote mbili. Kubadilisha upande mmoja huacha ekseli ikiwa na ugumu tofauti kushoto na kulia, na utarudi kulipia kazi ileile.

Bushi ya mtumba kutoka kwa gari lililokatwa? Hapana. Mpira wake una umri uleule wa ule unaoutoa. Mkono mzima wa mtumba unaweza kufaa kama wako umepinda, lakini utie bushi mpya kabla ya kuufunga.

Vipi zile zinazochongwa jua kali kutoka kwa tairi au nailoni?

Mafundi wa kuchonga wana ustadi usiotiliwa shaka, lakini wanachokosa si ustadi. Kipande cha tairi hakijagandishwa kwenye chuma. Badala ya kujipinda kinateleza, na kinachoteleza kinalika, kinapiga kelele na kupanua tundu. Nailoni haina ulaini kabisa: pigo lote la shimo linakwenda kwenye bano la bodi, na bano ndilo linalopasuka.

Kwenye jicho la springi ya pikapu iliyokwama na mahindi shambani, ya tairi itakufikisha nyumbani. Kwenye ekseli ya boriti ya gari la familia, usiikubali.

Na za poliyurethani, zile za rangi nyekundu au njano?

Hudumu na haziogopi mafuta, ila ni ngumu zaidi, hupitisha mtikisiko ndani ya gari, na huhitaji grisi ya silikoni wakati wa kufunga, la sivyo zitalia kama kitanda cha zamani. Kwa fimbo za Probox ya mizigo zinafaa. Kwa boriti ya Premio ya kupeleka watoto shule, mpira wa kawaida ni bora.

Nahitaji vifaa gani?

Jeki ya kutambaa, stendi 2 imara (mawe na vipande vya mbao vinavyopasuka havihesabiki), spana na soketi za 14, 17 na 19, soketi ya 21 kwa nati za magurudumu ya Toyota, bomba la kurefusha mpini, brashi ya waya, msasa, mafuta ya kulegeza kutu, spana ya kupimia nguvu, tepu na chaki.

Cha kutolea bushi ni presi, au ukiwa huna, rodi ya nyuzi ya milimita 14 yenye daraja la uimara la 8.8 au zaidi, nati 2 ndefu, washa nene 4 na vikombe viwili vya chuma. Kikombe cha kupokea kiwe kipana kuliko bushi ili iingie ndani yake. Cha kusukuma kiwe chembamba kidogo kuliko bomba la nje ili kipite kwenye tundu. Vipande vya bomba la maji la chuma kizito vikikatwa sawasawa vinafaa. Rodi laini ya kawaida ya dukani itang'oka nyuzi bushi ikiwa nusu njia. Paka nyuzi grisi. Kila mzunguko mmoja wa nati husogeza bushi milimita 2, kwa hiyo bushi ya sentimita 5 ni mizunguko 25 na ushee. Kazi ya subira.

Kazi yenyewe inaendaje kwenye ekseli ya boriti?

Usiku wa kuamkia kazi, nyunyizia boliti mafuta ya kulegeza kutu, na asubuhi urudie. Gari likiwa chini, kwenye sakafu iliyo sawa, pima kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa fenda moja kwa moja juu yake. Andika namba hiyo kwa chaki kwenye fenda, kila upande na yake. Tuseme ni sentimita 37. Utaihitaji mwishoni kuliko kifaa chochote.

Zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma, weka stendi chini ya sehemu za bodi zilizotengenezwa kubebea jeki, toa magurudumu. Jeki ibaki imegusa boriti. Fungua vibano vya mipira ya breki, waya wa ABS na kebo ya breki ya mkono vilivyo karibu na bushi, ili boriti ikishuka visivutwe. Mpira wa breki ukining'inia na uzito wa ekseli hupasuka kwa ndani, na hutauona.

Fungua boliti ya upande mmoja tu. Ule mwingine uache umeshikilia boriti mahali pake, vinginevyo utamaliza saa nzima ukitafuta kuoanisha matundu. Shusha upande huo sentimita 10 hadi 15 na uweke gogo la mbao kati ya boriti na bodi. Springi ikilegea itoe, ukikumbuka raba yake ya juu ilivyokaa.

Sasa, kabla ya kugusa bushi kuukuu, chora. Bushi nyingi za boriti zina mashimo mawili kwenye mpira, na mashimo hayo yana mwelekeo: upande mmoja laini, mwingine mgumu. Nyingine zina mshale au pembe iliyochongwa ukingoni. Kwaruza alama kwenye boriti mkabala na shimo au mshale, na upige picha kwa simu. Bushi ikifungwa imegeuka robo mzunguko, gari litayumba kuliko ulivyolileta, na hakuna alaimenti (upimaji na urekebishaji wa mkao wa magurudumu) itakayolitibu.

Toa bushi kwa rodi. Safisha tundu kwa brashi na msasa hadi chuma kiwe laini, lakini usilipanue. Bushi mpya ikilala kwenye friza usiku kucha hunywea kidogo na huanza safari bila ubishi. Ianze sawasawa: ikiegemea upande, irudishe uanze tena, kwa sababu ikiingia mshazari inakwaruza tundu na haitashika. Sukuma bomba la nje tu, kamwe usisukume mpira wala bomba la ndani. Kilainishi kiwe maji ya sabuni. Grisi ya kawaida haitakiwi hapa.

Pandisha boriti, tia boliti, ikaze kwa mkono tu. Rudia upande wa pili. Rudisha springi, vibano na magurudumu.

Kwa nini niikaze kwa mkono tu? Si nimalize kabisa?

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia. Ukikaza boliti wakati huo, bomba la ndani linabanwa likiwa katika mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari, mkono unapanda lakini bomba la ndani halisogei, kwa hiyo mpira unapindwa na kubaki umepindwa hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa mkono wa sentimita 40 na gurudumu lililoshuka sentimita 10, huo ni mpindo wa digrii 14 hivi, kabla hujakutana na tuta hata moja. Tuta la kwanza linaongeza hapo juu, na mpira unachanika.

Boliti ikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, juu ya shimo. Kama huna shimo, inua boriti kwa jeki, upande mmoja baada ya mwingine, hadi tepu isome ile namba ya chaki, 37, kisha kaza. Angalia gari lisianze kuinuka kutoka kwenye stendi.

Nguvu ya kukaza iko kwenye kitabu cha gari lako. Kwa boliti za milimita 12 za sehemu hii mara nyingi huwa kati ya Nm (nyutoni-mita) 80 na 120. Nati za magurudumu ya Toyota nyingi ndogo ni Nm 103. Nati za kujifunga zenyewe zibadilishwe. Baada ya kilomita 100, kagua tena.

Nilibadilisha, na baada ya miezi 3 zimeraruka. Niliuziwa feki?

Huenda. Lakini muulize fundi swali moja kwanza: alizikaza gari likiwa juu au chini? Akisita kujibu, umeshajibiwa. Itazame na bushi yenyewe: iliyokazwa vibaya huchanika kwa mzunguko, mpira ukiwa umejisokota upande mmoja. Feki mara nyingi huachana na chuma kama soli ya kiatu cha bei rahisi, mpira mzima mzima, bomba likiwa safi. Iliyolika na mafuta huwa imevimba na inanata kidoleni.

Boliti imegoma kabisa.

Usirukie bomba la mita mbili. Kwenye magari mengi boliti ya boriti huingia kwenye nati iliyochomelewa ndani ya bodi. Ukiilazimisha, nati inaachana na bodi na kuzunguka pamoja na boliti, na sasa lazima ukate dirisha kwenye karatasi ya chuma. Jaribu kwanza kuikaza kidogo, kisha ulegeze, mbele na nyuma, ukiongeza mafuta. Ikigeuka lakini haitoki, imeungana na bomba la ndani: ikate pande zote mbili za bushi kwa msumeno wa chuma au grainda, na uwe na boliti mpya ya daraja lilelile tayari. Boliti ya hadwea ya kawaida haifai.

Mbona mafundi wengine huchoma mpira kwa moto?

Ni haraka. Pia moshi wake ni sumu, tangi la petroli liko hatua moja, na mirija ya breki iko karibu zaidi. Kama ekseli imeshatolewa na iko nje uwanjani, ni shauri lake. Ikiwa bado chini ya gari, kataa. Kutoboa mpira kwa drili kisha kukata bomba la nje kwa msumeno huchukua dakika 20 zaidi. Kata bomba tu, usiguse boriti.

Forester na X-Trail zina tofauti gani?

Kazi huwa ya siku nzima, kwa sababu kila mkono una bushi zake na boliti zake za kugoma. Kwenye Subaru, anza kukagua bushi ya mbele ya mkono mrefu unaokwenda sambamba na gari. Baadhi ya boliti zina kichwa cha yai kinachorekebisha mkao wa gurudumu: weka alama ya rangi kabla ya kulegeza. Boliti za mikono yote hukazwa uzito ukiwa chini, sawa na boriti. Alaimenti baada ya hapo ni lazima.

Na Hiace au pikapu?

Bushi za sheko mara nyingi ni nusu mbili mbili, vipande 4 kila upande, na hutoka bila presi. Bushi ya jicho la mbele ndiyo yenye kazi. Hakikisha uzito umetoka kwenye springi kabla ya kuvuta pini, maana springi ya mabapa ikiruka inavunja mkono wa mtu. Kama kuna fimbo nyembamba kutoka ekseli hadi kwenye vali ya breki juu, ifungue kwa utaratibu bila kuipinda wala kubadilisha urefu wake. Hiyo hupima mzigo na kugawa nguvu ya breki za nyuma.

Boriti haina marekebisho. Nifanyie alaimenti ya nini?

Kupima. Vipimo vikiwa nje, ama bushi imefungwa vibaya ama boriti imepinda, na ni afadhali ujue kabla hujaweka tairi mpya.

Nipatane vipi na fundi?

Uliza kama bei ni kwa bushi au kwa kazi nzima, nani analipia presi, na nani anabeba gharama boliti ikikatika. Dai bushi kuukuu zirudishwe mkononi mwako. Boriti bila kutu ni saa 3 hadi 4. Anayekuahidi saa moja huenda ananuia moto na nyundo. Na mwambie mapema, kabla hajashika spana, kwamba ukazaji wa mwisho utafanyika gari likiwa chini na wewe ukiwepo.

Naweza kuendelea kuendesha kwa sasa?

Nyufa za juujuu, ndiyo, ukikagua kila unapobadilisha oili. Ikiwa inagonga, punguza mzigo na mwendo na upange siku ya gereji ndani ya wiki chache. Ikiwa chuma kinagusa chuma au mkia unahama ukikanyaga breki, usilipeleke gari kwenye mteremko wa Londiani. Mwite fundi aje lilipo gari.